Suruali za Mstaafu

6 Februari

Shikamoo Shangazi,

Najua ungependa nipige simu. Nimejaribu mara tatu wiki hii. Kila ukisema, "Haya, sema mwanangu," maneno yanarudi nilikoyatoa, tunabaki kusalimiana mpaka simu inakatika. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama.

Tangu mitihani iishe nashinda dukani na Baba. Duka ni lile lile: cherehani mbili, kioo chenye ufa pembeni, na fundi viatu kwenye kizingiti cha jirani, anayejua habari za kila mguu unaopita. Kila asubuhi ananiuliza, "Sindano, shule ilikumaliza maneno au ulizaliwa hivyo?" Baba ananijibia: "Sindano haisemi. Inapita tu."

Kazi ya kwanza niliyoachiwa peke yangu ni suruali mbili za kijivu za mteja anayeitwa Mstaafu. Baba anasema ni mwalimu aliyestaafu, anatembea sana kwa ushauri wa daktari, kwa hiyo anapungua. Haji dukani kwa sababu ana haya. "Kama wewe," Baba alisema. Suruali huzipitia Baba mwenyewe asubuhi, zimefuliwa na kupigwa pasi. Mimi napunguza kiuno. Mwezi uliopita inchi moja, juzi inchi nyingine. Uzi wa kijivu uliisha nikatumia wa buluu kwa ndani, nikadhani Baba atanigombeza. Alisema, "Haidhuru, hataona mtu." Nampenda huyu Mstaafu ingawa sijawahi kumwona.

Sasa jambo lenyewe. Jana nilikuwa natafuta vipimo vya sare kwenye lile daftari kubwa, ikaanguka kadi ya hospitali. Jina la Baba, tarehe ya mwaka juzi, na neno kongosho. Mwaka juzi alilazwa wiki nzima, mkaniambia ni vidonda vya tumbo. Kitabu changu cha baiolojia kina mistari sita tu juu ya kongosho: liko nyuma ya tumbo, linatoa maji ya kusaga chakula, linasimamia sukari. Hakisemi likiugua inakuwaje.

Baba anakula vijiko vinne anasema ameshiba. Anakunywa maji kutwa. Mgongo anausugua kwenye mwimo wa mlango akidhani sioni. Nikiona hivyo siwezi kukaa. Nimejaza uzi kwenye bobini zote za duka, hata zile tusizozitumia.

Niambie ukweli.

Mimi mwanao,
Sindano


15 Februari

Marahaba mwanangu,

Leo wodi yangu ya wazazi imepokea watoto watano, wote wakali kama babu yako, na katikati ya makelele hayo ndiyo nimeisoma barua yako. Umeandika maneno mengi kuliko uliyonisemesha tangu uzaliwe. Endelea hivyo hivyo.

Ndiyo, mwaka juzi kongosho la baba yako lilivimba. Lile ni fundi wa maji makali ya kusaga chakula. Maji hayo yanatakiwa yatoke yakafanye kazi kwenye utumbo. Yakikwama humo ndani yanaanza kulisaga kongosho lenyewe, kama mkasi unaokata shati la fundi. Lilipoa, akatoka, ikawa basi. Tulisema vidonda vya tumbo kwa sababu ulikuwa na mitihani na ndivyo alivyotaka.

Usijitie wasiwasi mapema. Ila nijibu kitu kimoja: amepungua? Usimtazame usoni, uso wake umekuwa kama kisu tangu ujana. Mtazame kiunoni.

Nimekuwekea na kifurushi. Ni gauni langu la zambarau, lile la pamba alilonishonea baba yako. Limenipwaya, nadhani limetanuka kwa kufuliwa sana. Lipunguze inchi mbili kila upande, ujifunzie. Ukiliharibu nitakucheka, sitakugombeza.

Shangazi yako


26 Februari

Shikamoo Shangazi,

Habari njema! Hajapungua. Nimefanya kama ulivyosema. Ni kazi maana siku zote amevaa lile koti refu la kazi, lakini juzi alilivua kidogo kupiga pasi nikatazama vizuri. Suruali inamkaa sawasawa, haina hata nafasi ya kidole. Na unajua Baba havai mkanda. Husema fundi anayevaa mkanda amekiri mbele ya watu kwamba hajui kupima.

Kwa hiyo nimelala vizuri siku mbili.

Mstaafu ndiye ninayemhurumia. Suruali zake zimerudi tena, na safari hii ni inchi moja na nusu. Nilimwambia Baba, "Mwambie apunguze kutembea, nyuma mifuko miwili imeanza kugusana." Baba alicheka mpaka akakaa chini, halafu akakaa muda mrefu kidogo kuliko kicheko chenyewe.

Gauni limefika, nimelitundika karibu na kioo. Fundi viatu kauliza ni la nani. Nikasema la Shangazi. Akasema, "Mwambie nguo ya mwenyewe inawasili kabla ya mwenyewe, tumechoka kusubiri." Mimi nimekuandikia alivyosema tu.

Sindano


7 Machi

Mwanangu,

Nilifurahi sana nilipoanza kuisoma barua yako. Halafu nikakumbuka mambo ya maji na ya mgongo, furaha ikakosa pa kukaa. Nimejiuliza siku nne kama nikuambie. Niliapa kwa kaka nisiseme. Mungu anisamehe, wewe ndiye unayeishi naye, na tangu mama yako atutoke hakuna mwingine.

Kongosho likivimba mara moja likapoa, wengi hawasikii tena habari zake. Lakini likivimba, likapoa, likavimba tena, mwaka hadi mwaka, linabaki na makovu. Kwenye makovu hayo saratani inaweza kupata mlango. Sikiliza vizuri: inaweza. Wengi wenye ugonjwa huo hawapati saratani maisha yao yote. Ila hatari yao ni kubwa kuliko ya mtu ambaye kongosho lake halijawahi kumwuma. Na kuna upande wa pili. Mara nyingine saratani ndiyo inayotangulia, imejibanza kimya, inaziba mrija, na kule kuvimba ndiyo kelele yake ya kwanza. Ndiyo maana daktari alimtaka arudi baada ya miezi michache apigwe picha nyingine.

Hakurudi. Unajua kwa nini? Daktari alimwuliza, "Mzee, unakunywa?" Akasema hajawahi. Akaulizwa tena. Alipoulizwa mara ya tatu akachukua kofia yake. Baba yako, ambaye hata kwenye harusi anashika soda kama ameshikiwa bunduki! Watu wanadhani ugonjwa huu ni wa walevi peke yao. Pombe ni sababu kubwa, ni kweli. Lakini kuna wanaopata kwa mawe ya nyongo, na kuna wanaourithi. Mama yetu alikufa kwa "tumbo" akiwa na miaka hamsini na mbili. Tulizika bila kujua tumbo gani.

Mtu ambaye kongosho lake lina historia, akianza kupungua, akipata kiu kwa sukari kupanda, mgongo ukauma, hasubiri. Unasema hajapungua. Mtazame tena.

Shangazi yako


12 Machi

Shangazi,

Mstaafu hayupo.

Jana saa nne asubuhi chaki ilianguka, Baba akainama kuiokota. Hakuinuka. Alishika mguu wa meza, jasho likamtoka, koti likapanda mgongoni. Kiuno cha suruali kilikuwa kimeachana na mwili wake kikajikunja nje. Kwa ndani kulikuwa na uzi wa buluu. Mishono yangu. Ule wa tatu umepinda kushoto, naujua kama ninavyoujua mwandiko wangu.

Niliusoma mshono wangu mgongoni mwa baba yangu.

Aliinuka, akavuta koti, akasema, "Kizunguzungu tu." Nikasema, "Ndiyo, Baba." Ndivyo nilivyosema, Shangazi! Ndiyo, Baba. Halafu nikaenda kujaza bobini.

Inchi tatu na nusu. Nimezikata mimi. Nilikuandikia kwamba suruali inamkaa sawasawa, na aliyeifanya imkae sawasawa ni mimi. Nimemficha kwa mikono yangu, na nilikuwa najisifu.

Nifanye nini? Natembea kutoka cherehani hadi mlangoni, hadi cherehani. Fundi viatu kaniuliza kama nimepoteza kitu.

Sindano


17 Machi

Sindano,

Keti kwanza. Hukumficha. Alikutuma, nawe ulitii. Huyo ni kaka yangu na ujanja wake ni wa zamani. Alipovunja dirisha la shule aliwahi kulipaka gundi likakaa mwezi mzima.

Lakini sasa unajua. Mwambie. Usimfokee, ukimsukuma kwa mbele anarudi nyuma. Usimwonee haya pia. Haya yako na haya yake zikikutana, mtazikana kwa adabu.

Ningekuja mwenyewe. Zamu zimenibana, na tumbo langu nalo halijatulia juma hili. Chakula cha kantini, nadhani. Apimwe sukari, apigwe picha ya tumbo, na daktari aambiwe habari za mwaka juzi na za bibi yako. Kadi ile usiiache nyumbani.

Shangazi


25 Machi

Shikamoo Shangazi,

Nimefanya jambo la ajabu. Sijui kama ni dhambi.

Nilijaribu kumwambia mara tano. Nilifika mpaka "Baba," akaniangalia, nikaomba mkasi. Tuna mikasi ya akiba sasa.

Ijumaa akaniletea tena suruali moja. "Mstaafu anaomba inchi moja," akasema, bila kunitazama. Nikasema sawa. Nikafumua mishono yote, ya safari zote, kiuno kikarudi kilivyokuwa mwaka juzi. Halafu nikakikunja kwa kipimo alichotaka na kukishikiza kwa bandi. Ile mishono ya mkono, mirefu, tunayopiga wakati wa kujaribisha nguo, inayokatika ukivuta. Nikaipiga pasi vizuri. Ukiitazama ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilitaka suruali iwahi kabla ya kifo.

Jumamosi alikuja bwana harusi kujaribu suti, na kaka yake. Fundi viatu naye aliingia, kwa sababu anaingia. Baba akachuchumaa kupima mguu wa bwana harusi, pini mdomoni. Alipoinuka nikasikia tra-tra-tra. Suruali ikashuka mpaka magotini. Koti lilisitiri mengi, si yote.

Bwana harusi akageukia ukutani. Fundi viatu akasema, "Fundi! Leo suruali imekukana mchana kweupe!"

Baba akatema pini. "Nani kashona hii?"

Nikasema, "Mimi." Halafu sauti ikatoka, Shangazi, sijui ilikuwa imekaa wapi miaka yote hii. "Nimeshona zote. Mwangalieni! Mstaafu ni yeye. Hakuna mwalimu wala matembezi. Baba anaisha, na mimi ndiye ninayempunguza!"

Fundi viatu alivua kofia yake akaishika kifuani, halafu akaona inafanana na msiba, akaivaa tena haraka.

Baba aliokota suruali yake, akaishika kiunoni kwa mkono mmoja kama mtoto, akamaliza kumpima bwana harusi kwa mkono wa pili. Hakunisemesha siku hiyo wala Jumapili.

Leo Jumatatu nimekuta daftari la vipimo limefunguliwa mezani. Kuna ukurasa umeandikwa "Mstaafu". Ni orodha ya tarehe kumi na moja na vipimo vya kiuno kumi na moja, kimoja chini ya kingine, kwa mwandiko wake mzuri. Kuanzia thelathini na sita. Chini kabisa ameandika: "Jumatano, hospitali. Sindano aje na kadi."

Nimeshindwa kukaa tangu asubuhi. Jumatano iko mbali.

Sindano


31 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Naona wewe na mtoto mmekuwa mkinijadili kwa njia ya posta. Ungeniambia tu nichangie.

Nimepima watu miaka thelathini na moja. Ulidhani sikujua? Mteja akiingia mlangoni namjua kiuno kabla hajanisalimu. Wangu niliujua kabla ya mizani yoyote. Nilimwita Mstaafu kwa sababu mimi naye tulikuwa tumebakiza kustaafu tu. Nilitaka mtoto ajue kazi kwanza. Nikaona anajifunza kiuno vizuri, nikasema haya, angalau hilo halipotei bure. Sasa naona ilikuwa hesabu ya mwoga.

Tulikwenda. Daktari ni binti mdogo, kalamu tatu mfukoni. Swali la kwanza: "Mzee, unakunywa?" Mkono wangu ukaanza kutafuta kofia. Huyu mtoto wako, ambaye shuleni walikuwa wanadhani ni bubu, akasimama. Akasema, "Daktari, Baba hajawahi kunywa. Andika hivyo, halafu uliza swali la pili." Daktari akamtazama, akaandika. Swali la pili lilikuwa, "Mama yako mzazi alikufa kwa nini?" Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilikaa chini.

Sukari iko juu. Wamenipitisha kwenye lile duara lao la kupiga picha, likavuma kama cherehani iliyokosa mafuta. Majibu wiki ijayo. Usiku nahesabu vifungo vya mto. Nimevaa mkanda, nimekuandikia hilo ili ujue hali ilivyo.

Kaka yako


11 Mei

Shikamoo Shangazi,

Kwenye simu nilikuambia kwa kifupi, na nilisema kwa sauti, umekiri mwenyewe. Sasa nakuandikia kwa urefu.

Kongosho la Baba lina makovu ya miaka, walisema huenda tangu kijana, yale maumivu aliyokuwa akiyaita gesi. Na kwenye kichwa cha kongosho, ile sehemu yake nene, kulikuwa na uvimbe mdogo kama kifungo cha shati. Ni saratani. Ilikuwa haijaenda popote. Jana wamemfanyia upasuaji, saa saba nzima. Daktari wa kalamu tatu alikuja kwenye korido akaniambia, "Tumewahi. Lakini kuwahi si kupona. Kuna dawa za miezi mingi, na hatujui." Nilimshukuru kwa hilo la mwisho. Watu wengi wangelificha.

Leo asubuhi Baba amefungua macho. Neno la kwanza: "Suti ya bwana harusi?" Nikamwambia ilikwenda Aprili, nimeimaliza mimi. Akauliza, "Mifuko?" Nikasema imenyooka. Akalala tena.

Sasa, Shangazi, nakuomba usinikasirikie.

Jana kwenye korido nilihitaji kitu cha mikononi, vinginevyo ningezitembea sakafu zote za hospitali. Nikachukua gauni lako la zambarau, kazi niliyoiahirisha tangu Februari, na daftari la vipimo. Ukurasa wako upo: kiuno thelathini na nne. Nikalipima gauni. Ni thelathini na nne, kama Baba alivyolikata. Halijatanuka, Shangazi. Ni pamba. Pamba ikifuliwa husinyaa, hata mimi wa miezi mitano dukani nalijua hilo.

Uliniandikia inchi mbili kila upande. Hizo ni inchi nne. Halafu ukasema tumbo halijatulia, ukasema kantini. Nimezipanga barua zako zote kwenye benchi na kuzisoma kwa mpangilio, watu wakidhani nasoma mashtaka.

Daktari alisema ndugu wa damu waambiwe. Baba ana dada mmoja tu. Wewe ndiye uliyenifundisha yote haya, makovu na mlango na kelele ya kwanza. Ulikuwa unayajua ya nani, ya Baba au yako?

Gauni sikulipunguza. Nakurudishia lilivyo. Nimekwisha kumficha mtu mmoja kwa sindano, wa pili simfichi.

Mimi mwanao,
Sindano


20 Mei

Mwanangu,

Mganga hajigangi. Nilidhani hayo ni maneno ya kuwasema wengine.

Nimeikalia barua yako siku tatu. Nimepokea watoto tisa katika siku hizo, na kila mmoja nilipompima urefu kwa tepu nilikuona wewe umesimama mlangoni. Leo nimejipima mwenyewe kwenye chumba cha dawa, mlango nimefunga. Sitaandika namba. Utaipima wewe.

Zamu nimezigawa. Niwekeeni nafasi kwa daktari wa kalamu tatu. Mwambie kaka asicheke akiniona, nasikia mshono ukicheka unauma.

Nafika Jumatano. Utanijua stendi kwa urahisi: nitakuwa nimevaa gauni la zambarau kama lilivyo, linanipwaya, bila mkanda, watu wote wanaona.

Shangazi yako